Konzi ya Mchele

Kila Jumamosi mimi hupita na gunia
nyumba kwa nyumba, juu ya mgongo wa mlima,
kukusanya mchele wa Bwana:
konzi moja kwa kila chungu kinachopikwa,
hutengwa koponi kabla maji hayajachemka.
Ndivyo tulivyojenga kanisa la Tlangvel,
bati kwa bati, msumari kwa msumari,
kutoka viganjani mwa wanawake.

Basi ujue tulivyonyamaza
siku daftari la mhazini lilipofunguliwa
na fedha za paa hazimo.
Zothanmawia hakukana. Alitazama viatu vyake.
Nyingine ziliishia Aizawl, mezani pa kamari;
nyingine, alisema, hata hakumbuki.
Mwaka ule mvua ilitunyeshea katikati ya zaburi.
Tuliimba, ndoo zikaitikia.

Akatengwa na Meza ya Bwana.
Mzee Hrangchhuana alisema,
"Kidonda hakifungwi na usaha ndani."
Mchungaji Lianzuala, kijana bado, akajibu taratibu,
"Na kisipofungwa kabisa, mzee, kitaoza vilevile."
Wakabaki hapo, wote wawili wakisema kweli,
hata chai ikapoa.

Mimi sikusema kitu.
Mimi nilijifunza kuruka nyumba.
Ile yenye tangawizi iliyoanikwa barazani
niliipita nikitazama ng'ambo, bondeni,
kana kwamba ukungu una neno la kuniambia.
Hakuna aliyeniagiza. Hakuna kikao kilichoamua.
Niliuita uaminifu.

Miezi kumi na minne.
Kisha Biakmawii, mkewe, akanisubiri njiani
na makopo matatu: la maziwa, la biskuti, la rangi,
yote yamejaa pomoni.
"Hatukuruka chungu hata kimoja," alisema.
"Siku tulizokosa mchele tulitenga mahindi.
Utayaona chini."
Akafunga kilemba chake upya, bila haja.
"Anayetenga ni yeye. Mimi nawasha moto tu."

Nikatia mkono.
Juu mchele mweupe, mpya,
chini fukusi wakitembea polepole,
wazee wa mwaka mzima.
Nikaubeba. Sijawahi kubeba gunia zito vile,
na lilikuwa halijafika nusu.

Kuna konzi ya kupimia, na kuna konzi
aliyonipiga mama utosini
nilipokula sukari ya wageni.
Vidole ni vilevile, vimejikunja vilevile.
Baada ya pigo vilikunjuka, vikanipangusa kamasi,
na sukari iliyobaki midomoni
hakuifuta.

Jumapili ya Pasaka Zothanmawia alisimama mbele.
Hakulia vizuri, kama waliavyo watu wa ushuhuda;
alikohoa, akapoteza karatasi, akaipata mfukoni mwingine.
Alitaja rupia zote, moja moja,
na zile asizozikumbuka akaziita
"nisizozikumbuka", akaziomba msamaha nazo.
Hrangchhuana hakusema amina.
Alisogea tu kwenye benchi,
akaacha nafasi ya mtu mmoja.

(Jumatatu nilimwona juu ya paa,
misumari mdomoni, mchungaji akishika ngazi.
Deni halikufutwa. Hakuna aliyeona ajabu.)

Lakini Jumapili ile, mkate ulipofika kwangu,
nilishika sahani, nikaipitisha kwa jirani.
Jirani alinitazama, akatazama mbele.
Jina langu halimo katika daftari lolote.
Hakuna wa kunitenga; ilinibidi
nijitenge mwenyewe, wiki moja,
nione njaa yake.

Jumamosi sikuanzia kanisani kama kawaida.
Nilishuka kwanza mpaka kwenye nyumba ya tangawizi,
asubuhi, moshi haujapanda,
gunia tupu limekunjwa kwapani.
Nilikuwa nimepanga maneno tangu usiku.
Nilipobisha, yote yakanitoka.

Ndani mtu akaweka kopo chini,
akaja kufungua.